Futa Kumbukumbu Yote

Habari kwamba Mzee Dekow amefariki zilinikuta nimeshika betri ya tochi mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Nilikuwa nikiwaonyesha jambo ambalo yeye ndiye aliyenionyesha miaka mingi iliyopita, tena kwa betri ya aina hiyo hiyo, simu ilipotetemeka mezani. Niliisoma, nikawaambia wanafunzi wakapumzike, nami nikabaki pale pale na betri mkononi. Alikuwa ameshazikwa, kwao maiti haisubiri jua la pili. Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda Garissa kuhani, na njia nzima sikuweza kutulia kwenye kiti. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Nilikuwa natafuta maneno, na hayakuwa ya rambirambi. Kulikuwa na jambo ambalo nilipaswa kumwambia Dekow akiwa hai, na sasa nililazimika kumtafuta mtu mwingine wa kumwambia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, na mji ulikuwa umeanza kulishwa umeme kutoka pande mbili. Nimezoea kufundisha, kwa hiyo nivumilie nieleze, maana si jambo gumu. Umeme ukitoka upande mmoja tu, kazi ya kulinda laini ni nyepesi. Nyaya zote tatu zikiwa salama, mikondo yake ukiijumlisha unapata sufuri. Waya mmoja ukianguka ukagusa ardhi, jumla inabaki na masalio, na hayo masalio ndiyo yaliyovujia mchangani. Kifaa kinachoyapima tunakiita relei. Relei ikiyaona, inaamuru swichi kubwa ifunguke, na laini inazimika. Inajiuliza swali moja tu: ni kiasi gani? Lakini umeme ukiingia kutoka pande mbili, swali hilo halitoshi, kwa sababu waya ukianguka kwenye laini ya jirani relei yako nayo itaona masalio, na itazima watu wasio na kosa. Lazima sasa iulize swali la pili: umevujia wapi, mbele yangu au nyuma yangu?

Dekow alinieleza hilo siku yangu ya pili, kwa kunichorea nyayo kwenye mchanga nje ya chumba cha relei. Alikuwa mwembamba, ndevu zake amezipaka hina, na kabla ya kuwa fundi alikuwa amechunga ngamia huko Wajir. "Ona hii," alisema. "Mguu imeingia ndani sana. Hiyo inakwambia nini?" Nikasema ngamia ni mzito. "Sawa. Lakini mzito ameenda wabi?" Akachora vidole viwili vya mbele, vile vinavyoacha alama kama kucha mbili. "Relei ya zamani inajua uzito. Hii mbya inaangalia kidole." Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo.

Utaona nimeandika maneno yake kama alivyoyatamka. Simcheki. Bila hivyo, kisa hiki hakielezeki. Kisomali hakina p wala v, na kwenye ulimi wake p ilikuwa b, na v ilikuwa f. Wiki ya kwanza aliniambia, "Kesho tutabima laini ya kaskazini," nami nikaenda ofisini kuulizia karatasi za bima. Aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Nywele ngumu!" alisema, utani ambao wenyeji hutupiga sisi wa kutoka bara. "Nimesema kubima! Na mashini!" Nami nikamrudishia kwamba mashine ya kupima ipo, ila ya kuipima p yake bado haijatengenezwa. Baada ya hapo tukawa marafiki. Aliniita adeer, nami nikamwita adeer. Maana yake ni baba mdogo, lakini Wasomali wana desturi kwamba baba mdogo naye humwita mtoto kwa jina hilo hilo. Nilipenda neno linaloenda na kurudi bila kubadilika.

Kufikia mwezi wa tatu sikio langu lilikuwa linatafsiri lenyewe. Akisema "bakia nyaya," nilipakia nyaya kwenye pikapu. Akisema "faa glafu," nilivaa. Akisema "futa kamba," niliivuta kamba, na hata mara moja sikusimama na kitambaa mkononi nikijiuliza kamba inafutwaje. Naomba ulikumbuke hilo.

Chumba cha relei kilikuwa na paneli sita, feni moja iliyozunguka kwa kusitasita, na dirisha lililoangalia mgunga ambapo korongo wenye vipara walisimama mchana kutwa kama maafisa wanaosubiri kukaguliwa. Chakula cha mchana kilikuwa wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu juu ya wali huo huo. Mwanzoni niliiweka ndizi yangu kando mpaka mwisho, na mafundi wakanitania kwamba naiogopa, wakiniita abaayo, yaani dada. "Kula, abaayo, ndizi haiumi." Baadaye sikuweza tena kula wali bila ndizi, na mpaka leo nyumbani kwangu wananishangaa. Ilipofika Ramadhani, wali ukakoma. Mafundi wote walifunga isipokuwa mimi, na kwa haya nilikula maandazi yangu nimejificha kwenye chumba cha betri, penye harufu ya asidi, nikitafuna polepole nisisikike. Hakuna aliyenikataza kula. Ni mimi tu niliyeona ni aibu kushiba mbele yao.

Aibu hiyo ndiyo iliyonileta kwenye kosa langu. Ili relei ijue mbele na nyuma, pete ya chuma inayozunguka nyaya na kupima mkondo lazima ifungwe ikitazama upande unaostahili, na nyaya zake mbili nyembamba ziingie kila moja mahali pake. Ukizipishanisha, relei inafanya kazi vizuri kabisa, ila dunia yake imegeuka: mbele inaiita nyuma. Kuhakikisha ni rahisi. Mmoja anakaa nje kwenye pete na betri ya tochi, mwingine anakaa ndani akitazama mita ya mshale. Betri ikigusa, mshale unaruka kulia mara moja. Ikiachia, unaruka kushoto. Ukiona kinyume chake, pete iko kinyume.

Ilikuwa saa nane mchana, Dekow yuko juu ya ngazi kwenye jua, hajanywa hata tone tangu alfajiri. "Nimegusa!" alipaza sauti. Wakati huo nilikuwa nimeinama, jasho langu limedondoka kwenye karatasi ya vipimo na ninalipangusa. Nilipoinua kichwa mshale ulikuwa unaruka kulia, na kupitia dirishani sauti ikasema, "Nimeachia!" Sasa, je, nilikuwa nimeona kugusa au kuachia? Niliona kuruka kumoja tu. Mafundi wote duniani wanajua neno la kusema hapo: rudia. Ni silabi tatu. Lakini nilimfikiria mzee pale juu, midomo imemkauka, na maandazi yangu bado yako tumboni.

"Imeenda wabi?" aliuliza.

"Kulia!"

"Hakika?"

"Hakika!"

"Alhamdulillahi," akasema, na nikasikia ngazi ikilia akishuka. Tulitia sahihi sote wawili, yeye juu yangu kwa sababu alikuwa mkubwa wangu.

Idd ikapita, wali ukarudi. Asubuhi moja, baada ya upepo mkali, simu ikapigwa kutoka upande wa barabara ya Modogashe. Aliyepiga alikuwa mchungaji, na alikuwa analia. Waya umelala mchangani, alisema, na ngamia wamelala juu yake. Niliifungua swichi kwa mkono wangu, nikiitazama paneli ambayo ilipaswa kuwa imeifungua yenyewe muda mrefu uliopita. Mchanga mkavu haupitishi umeme mwingi, kwa hiyo kituo cha mbali hakikuona kitu. Relei yetu iliyo karibu ndiyo pekee iliyokuwa makini kiasi cha kuona. Na iliona. Dekow aliingia, akasimama mbele ya kioo kidogo cha relei, akasoma. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mistari minne. Kisha akachukua kofia yake na kutoka bila kuniangalia, na pikapu ikaondoka. Nami nikasogea nikasoma. Relei ilikuwa imeandika tarehe, saa, kiasi, na upande. Upande ulikuwa nyuma. Iliuona waya ukianguka mbele ya pua yake, ikasema hilo ni la jirani, ikanyamaza.

Nilielewa papo hapo. Niliuona tena ule mshale, na mikono yangu ikaanza kutembea yenyewe, ikigusa vifungo, ikipanga kalamu. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani. Ilipofika saa tano simu ililia. Ni Dekow, kutoka kule waya ulikoanguka. Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakiomboleza.

"Adeer," alisema, "futa kumbukumbu ya relei. Yote. Kabla Injinia hajafika."

"Yote?"

"Yote. Halafu tutaona."

Kuvuta kumbukumbu ni lugha yetu ya kazi: ni kuzihamisha kutoka kwenye relei hadi kwenye kompyuta, ili wakubwa wazisome. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa agizo lake zaidi ya mara kumi. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, waya wake umeshachomekwa. Tangu ule mwezi wa tatu sikio langu lilikuwa halijakosea hata neno moja la mzee yule, na siku ile, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nililipokea neno lake kama lilivyotamkwa. Futa. Nilibonyeza. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza hakika, na ile mistari minne ikatoweka.

Dekow alirudi adhuhuri, suruali yake imejaa vumbi hadi magotini. "Umefuta?" aliuliza.

"Nimefuta," nilijibu, kwa f yangu safi isiyo na shaka.

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu anayesoma nyayo. Kisha akasema, "Basi. Lete betri. Tubime ubya." Akapanda ngazi tena, na safari hii nilikaa mbele ya mita bila kupepesa. Akagusa. Mshale ukaruka kushoto. Hakuniuliza umeenda wapi, wala mimi sikumwambia. Nilitoka nje na bisibisi, na tukabadilisha zile nyaya mbili, kisha akagusa tena na ukaruka kulia. Kazi yote ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Injinia wa kanda alifika baada ya swala ya alasiri, mtu wa bara kama mimi, shati limemganda mgongoni. Dekow alimwambia ukweli kuhusu pete: ilikuwa kinyume, sasa imerekebishwa, na sahihi kwenye karatasi ni yake. "Na kumbukumbu za relei?" aliuliza Injinia. Akabonyeza relei, kioo kikabaki kitupu. "Ziko wapi? Nani amezifuta?"

"Mimi nilisema futa," alisema Dekow.

"Yaani ulimwamuru huyu binti afute?"

"Nilisema futa."

"Mzee, unajua unachokiri?"

"Nilisema hifyo. Andika."

Injinia akaandika. Nami nilikuwa pale, umbali wa paneli mbili. Nilihitaji kusema sentensi moja tu: bwana, huyu akisema futa ana maana ya vuta. Ingemwokoa. Lakini swali la pili lingekuwa langu: kama unajua hivyo, mbona ulifuta? Kwa hiyo nilitazama nje, nikawahesabu korongo kwenye mgunga.

Kesho yake Dekow alinichukua twende kwa mwenye ngamia. Alikuwa mama mzee aliyeketi mlangoni mwa aqal yake, ile nyumba ya fito na mikeka. Dekow alimwita eeddo, yaani shangazi. Ngamia watatu walikuwa wake, wote majike, mmoja ana mimba. Tulipewa chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Walizungumza Kisomali kirefu, bila haraka, na mimi sikuelewa ila neno moja ambalo lilirudi na kurudi katika kinywa cha Dekow huku akijigusa kifua: aniga. Aniga ni mimi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akaziba uso kwa shela yake, akakaa hivyo. Baadaye wazee wa pande mbili walilimaliza jambo hilo kwa mila zao. Njiani kurudi nilisema, "Adeer, lile neno la jana kwenye simu…" Akaongeza mwendo wa pikapu. "Funga dirisha," alisema. "Fumbi."

Kabla mwaka haujaisha alihamishiwa stoo ya mita, na huko alikaa hadi kustaafu, akihesabu vifaa ambavyo aliwahi kuvielewa kuliko mtu yeyote kaskazini. Mimi nilipata barua ya kuthibitishwa kazini. Niliporudi Nairobi nikawa mtu wa relei, kisha mwalimu wa relei, na wanafunzi wangu wananiona mkali kwa sababu sikubali kipimo kisichorudiwa. Siku za Idd nilimpigia simu, naye alifurahi, akaniuliza kama bado nakula ndizi na wali. Lile jambo hatukuligusa. Kila mwaka nilijiambia, Idd ijayo.

Nyumba ya msiba ilikuwa Bulla Iftin, mitaa mitatu tu kutoka chumba nilichopanga mwaka ule. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Mimi nilielekezwa ndani kwa wanawake, kwenye mikeka, na nikapewa chai na tende. Binti yake Fardosa, mwalimu wa Kiswahili huko Hagadera, alikuja kuketi kando yangu. Mwaka ule alikuwa msichana wa shule ambaye nilimwona mara mbili tatu akimletea baba yake funguo. Niliposema jina langu alishika mdomo.

"Ni wewe! Ni yule wa futa!" Akawageukia wanawake na kusema jambo kwa Kisomali, nao wakaanza kutabasamu, hata wale waliokuwa na machozi. "Hapa nyumbani wewe ni hadithi, abaayo. Baba aliisimulia kila mara. Nilipokuwa chuo nilitaka kujua ukweli. Nikamwuliza, Aabo, siku ile ulimwambia yule dada futa ya ubao, au vuta ya kamba?" Aliitamka v kama mwalimu, meno juu ya mdomo. "Akaniambia, 'Futa.' Nikamwambia ndiyo, lakini ipi? Akasema, 'Fardosa, nimekwambia. Futa!' Nikampa kalamu aandike. Akacheka, akamaliza chai yake, akaenda kuswali."

Chumba kizima kilicheka, nami nilicheka. Nilimwona tena Dekow amesimama mbele ya kile kioo kidogo, akisoma mistari minne kwa muda mrefu kupita kiasi. Huenda alikuwa amenifungulia mlango, futa yake ikiwa futa kweli. Huenda ulikuwa ulimi wake tu. Angetaka ijulikane angeandika, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Hilo sasa ni lake, amekwenda nalo. Langu lilikuwa bado limebaki.

"Na wewe?" Fardosa aliuliza, bado anajipangusa macho. "Wewe ulisikia ipi?"

Niliweka kikombe chini. "Nilisikia vuta," nikasema. "Nilisikia vuta, nikafuta."

Tabasamu lake lilibaki usoni kidogo kabla ya kuondoka. Mama mmoja mzee, dada wa marehemu, aliuliza nimesema nini. Fardosa alinitazama kana kwamba ananipa nafasi ya kurudisha neno. Nikatikisa kichwa, nikamwambia amweleze. Akageuka, akatafsiri polepole, na nikayasikia maneno mawili yakipita, jiid na tirtir. Jiid ni kuvuta. Tirtir ni kufuta. Kwa Kisomali hayafanani hata kidogo, na hakuna sikio linaloweza kuyachanganya.

Fardosa alimaliza. Kisha yule mama mzee akasogea kwenye mkeka kuelekea ukutani, akapiga kwa kiganja mahali alipokuwa amekaa, akingoja nije.